Paka Aliyenyolewa Nusu

Mume wangu alimleta yule paka nyumbani jioni moja ya Ijumaa, ndani ya katoni ya maziwa iliyotobolewa matundu, akaiweka juu ya meza tunayolia chakula. Mwenzake wa kazini alikuwa amehamishiwa Nairobi, kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hataki wanyama, na kati ya watu wote wa ofisi yao yule bwana akaona anayefaa kurithi paka ni mume wangu.

"Atakaa nasi," mume wangu akasema, akafungua katoni.

Nilichungulia ndani. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa, na paka ninaowajua ni wale wembamba wanaozungukazunguka mahali dagaa wa omena wanapoanikwa, manyoya mafupi, masikio yamechanika kwa kupigana. Huyu alikuwa jike jeupe, nene, lenye manyoya marefu yanayoburuzika sakafuni kama zulia la sebule ya watu wenye pesa. Alinitazama bila haraka, kisha akapiga chafya.

"Na haya manyoya nani atayatunza?" nikauliza.

"Mimi. Kila jioni. Ni kazi ndogo sana."

Akatoa mfukoni kitana cha chuma, brashi, na chupa ya shampuu yenye picha ya paka anayetabasamu. Mpaka leo sijawahi kuona paka akitabasamu, hasa mbele ya shampuu.

Nitamtendea haki mume wangu. Wiki ya kwanza alitimiza ahadi. Alikaa kwenye kochi baada ya chakula, paka mapajani, taarifa ya habari ikiendelea, akampitishia brashi mgongoni polepole mpaka paka akakoroma. Nilipowatazama nikadhani nilikuwa na haraka ya kulalamika. Lakini mume wangu huuza mbolea, na mvua zilipoanza ndipo kazi yake ilipoanza pia. Leo yuko Nyamache siku ya soko, kesho yuko Nyamira, kesho kutwa amepanda huko Manga kwa bodaboda kuonana na kikundi cha wakulima. Akirudi usiku buti zimejaa matope, amechoka, na brashi iko palepale alipoiacha.

"Mchane basi," namwambia.

"Kesho, mpenzi. Leo hata mikono siihisi."

Kesho yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Na manyoya ya paka hayangoji msimu wa mbolea uishe.

Sisi tunakaa ghorofa ya kwanza ya jengo lililo kwenye mteremko, mjini Kisii. Chini yetu anaishi mfanyabiashara wa vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchonga. Huvinunua kule Tabaka vikiwa bado havijamalizika, viboko, tembo, sahani, watu wamekumbatiana, kisha huvisugua kwa msasa na maji hapo kwenye kibaraza chake kabla ya kuvipeleka kwa wanunuzi. Kibaraza chake chote kina vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo. Paka wetu alipogundua kibaraza hicho, alikuwa amepata nyumbani. Kila asubuhi nilipofungua mlango niende kazini aliteremka ngazi taratibu, ngazi kwa ngazi, akajilaza kwenye lile vumbi, akajigeuza upande huu na upande ule. Mchana mvua ikanyesha, ikamlowesha. Jioni nilimkuta mlangoni amekauka, vumbi na maji vimeshikana ndani ya manyoya, na tumboni amekuwa mgumu kama mkono uliofungwa plasta hospitalini.

Nilishuka nikamweleza jirani.

"Jirani, nakuomba, umfukuze huyu paka."

"Namfukuza, jirani. Hasikii." Alikuwa anasugua mgongo wa kiboko, hakuinua kichwa. "Halafu ni mweupe, vumbi ni nyeupe. Mimi wakati mwingine namwona ni kinyago. Juzi karibu nimmwagie maji."

Basi kazi ikawa yangu. Mimi nafanya kazi kwenye duka la miwani. Siku nzima naketi mbele ya mtu anayejaribu fremu ya saba na kuniuliza kama uso wake umekaa vizuri, nami namjibu kwa upole, nampa ya nane. Nilidhani kwa uvumilivu huo paka hanishindi. Nikamfunga kwenye taulo, kichwa tu kikibaki nje, nikachukua kitana cha chuma, nikaanza nyuma ya masikio. Hapo palikwenda vizuri. Mgongoni pia. Lakini nilipofika kifuani, karibu na miguu ya mbele, kitana kilikwama kwenye fundo kubwa kama kokwa la parachichi. Nikavuta kidogo. Paka akatoa sauti ambayo sikujua iko ndani yake, akatoka kwenye taulo kama sabuni inayoponyoka mkononi, na mimi nikabaki na mikwaruzo kutoka kiganja mpaka kiwiko.

Kesho yake kazini mzee mmoja aliyekuja kupimwa macho aliniangalia mikono kabla ya kuisoma ile chati ukutani.

"Binti, ni mume?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni paka," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaona wazi kwamba hakuniamini.

Nilijaribu mengine. Nilimpaka poda ya mtoto ili mafundo yalegee. Ikaungana na vumbi la mawe, mafundo yakaongezeka. Nilijaribu kuyakata kwa mkasi wa jikoni, lakini ngozi ya paka ni nyembamba, nayo imevutwa juu ndani ya fundo, hujui manyoya yanaishia wapi na paka anaanzia wapi. Nikaogopa, nikaacha. Mwisho, Jumamosi moja, nikasema shampuu haikununuliwa iwe pambo. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikajaza beseni la kufulia, nikafunga mlango wa bafu.

Sitaki kueleza yote yaliyotokea humo. Nitasema tu kwamba pazia la bafu halipo tena, na kwamba mwenye kuoga siku hiyo nilikuwa mimi. Paka alipotoka alikuwa mwembamba kama kitambaa kilichokamuliwa, akaingia chini ya kitanda chetu akalala huko na maji yake. Alipokauka nikagundua kosa. Mafundo yaliyokuwa yanapenyeka kidole sasa yalikuwa yamekaza kama mswaki wa zamani. Tumbo na kifua vilikuwa kipande kimoja. Nikaketi sakafuni, nikampigia mume wangu simu.

"Uko wapi?"

"Niko kwa wakulima hapa. Kuna nini?"

"Njoo umchukue mnyama wako."

"Ametoroka?"

"Angetoroka ningekupigia?"

Hapo ndipo mama mkwe alipotuletea habari kwamba anakuja. Mama mkwe anaishi Manga, juu kabisa kwenye mteremko, ambako pikipiki hufika zikihema. Ni mjane, mwenye nguvu, na hana desturi ya kuuliza kama siku fulani inakufaa. Alisema angekuja Jumapili ya wiki iliyofuata, alasiri, pamoja na akina mama wa kanisa lake, waiombee nyumba yetu. Nilijua wanakuja kuomba nini. Mimi na mwanawe tulikuwa na miaka kadhaa ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Yeye hakuwahi kunitamkia neno baya kuhusu hilo. Alikuwa anauliza tu, kila simu, "Na huko ndani, mko wangapi sasa?" Nami najibu, "Ni sisi tu, mama."

Nilimwambia mume wangu: paka huyu mama yako asimkute katika hali hii. Nyumba nitaisafisha mimi, chai na mandazi nitapika mimi, lakini paka ni wako.

Kweli Jumamosi jioni, siku moja kabla ya wageni, akarudi mapema, akiwa amebeba mashine kuukuu ya kunyolea aliyouziwa na kinyozi wake. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata suluhisho.

"Tunamnyoa," akasema. "Yote. Yataota upya."

Kwa kweli lilikuwa wazo zuri, na liliniudhi kwamba si langu. Mimi nikamshika paka kwenye taulo, yeye akawasha mashine. Paka aliposikia mlio ule aliganda, macho yameduara. Mashine ikapita mgongoni, ubavuni upande wa kushoto, na manyoya yakawa yanaanguka kama ngozi ya kondoo, vipande vizima, vizito kwa vumbi. Chini yake akatokea mnyama mwingine kabisa, wa waridi, mwenye mbavu, nusu ya yule niliyemjua. Tulikuwa tumemaliza upande wa kushoto na nusu ya mkia. Mume wangu akaanza hata kupiga mluzi.

Stima zikapotea.

Tulikaa gizani tukisikilizana tukipumua. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba ya pembeni. Kila anayeishi Kisii anajua kwamba stima zikipotea wakati wa mvua ya namna ile, usiulize zitarudi saa ngapi.

"Zitarudi sasa hivi," akasema mume wangu.

Hazikurudi. Asubuhi hazikuwapo. Mchana wa Jumapili tulikuwa tunapika chai kwa gesi na kutazama balbu kana kwamba inaweza kutuonea haya. Paka alitembea sebuleni, upande wa kushoto uchi, upande wa kulia amefunikwa mpaka chini, mkia umegawanyika kama brashi iliyoungua. Ukimwona upande mmoja ni tajiri, akigeuka ni maskini. Nilimfungia chumbani, nikaweka kiti mlangoni.

Akina mama walifika wakiwa wamelowa, wakaacha viatu mlangoni, wakajaa kwenye makochi na viti vya kuazima. Mama mkwe alinikumbatia, akanishika mashavu, akanitazama tumboni upesi kisha akatazama pembeni. Wakaimba. Sauti zao zilikuwa nzuri, na mimi nikatulia kidogo, mara ya kwanza tangu stima zipotee. Kisha mmoja wao, mama mrefu mwenye kitambaa cha zambarau, akasimama kuomba. Akaombea kazi zetu, akaombea safari za mwanaume wa nyumba hii, akaombea kuta. Halafu akashusha sauti.

"Na sasa Baba, ulete katika nyumba hii kiumbe kidogo..."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Sijui kiti kilisogezwaje. Nilifumbua jicho moja nikamwona paka akija katikati ya sebule, upande wa kushoto ukiwa mbele, mkavu, wa waridi, amekunjamana. Akina mama waliokuwa wameinamisha vichwa walimwona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Mmoja akapiga ukelele wa jina la Yesu. Mwingine akainua miguu juu ya kochi. Yule mwombaji alifumbua macho, akatazama chini, na maombi yakamkauka mdomoni.

Paka akageuka, na upande wa manyoya ukaonekana.

"Hii ni nini?" akauliza mama mkwe.

"Ni paka, mama," mume wangu akasema.

"Paka najua. Imefanywa nini?"

"Tulikuwa tunamnyoa. Stima zikapotea."

Nilihisi kicheko kinanipanda kifuani na machozi yakinipanda pamoja nacho, na sikujua kipi kitatangulia kutoka. Kisha paka, ambaye kwangu hakuwahi kuja bila kuburutwa, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, akasimama miguuni pake, akalia. Mama mkwe akamtazama. Akainama, akamwinua kwa mikono miwili, akamweka juu ya sketi yake ya kanisa.

"Maliza maombi," akamwambia yule mama mrefu. "Mtoto wa watu anasikia baridi."

Yakamalizwa. Kwa haraka, lakini yakamalizwa.

Wengine walipoondoka, mama mkwe alibaki alale. Na kuanzia hapo akawa na maoni. Tumpake mafuta ya taa, mafundo yatalegea. Nikasema mafuta ya taa yatamuua. Basi siagi. Nikasema siagi yataka kuoshwa, na kuosha tulishaona. Basi tumrudishe kwa huyo mwenyewe wa Nairobi aone alichotufanyia. Hilo pekee nililikubali, ila nauli nani angelipa? Paka muda wote huo alikuwa kwenye sketi yake akilala, na kila nilipompitia karibu na kitana alifungua jicho moja kunionya.

Stima zilirudi Jumatatu asubuhi, nikiwa tayari nimevaa niende kazini. Mume wangu naye alikuwa na gari la ofisi likimngoja chini. Nikamzuia mlangoni.

"Huendi popote."

"Wananingoja."

"Mbolea haiozi. Washa mashine."

Mama mkwe alimshika paka, safari hii bila taulo, akimwambia maneno ya Kikisii ya kumbembeleza kama anavyoongea na ndama. Upande wa kulia ukatoka. Tumbo likatoka. Lakini tulipofika chini ya miguu ya mbele mume wangu akazima mashine.

"Hebu tazama hapa," akaniambia.

Nikainama. Yale mafundo ya kwapani, lile kokwa la parachichi na mwenzake wa upande wa pili, yalikuwa yameungana na ya kifuani, yakawa kama kamba iliyomfunga. Ngozi ilikuwa imevutwa, nyekundu, na mguu haukuweza kunyooka wote hata ungetaka. Nikakumbuka alivyokuwa akiteremka ngazi, taratibu, moja moja, na sisi tukisema huyu ni mvivu, huyu alilelewa kitajiri. Mama mkwe akamlaza paka chali, akaishika miguu yake ya mbele kwa upole. Mume wangu alikata kidogo kidogo kwa mkasi mdogo wa kucha, mimi nikitenganisha manyoya na ngozi kwa vidole, sote watatu tukipumua juu ya paka. Dereva alipiga honi chini mara nyingi. Hakuna aliyemjibu.

Fundo la mwisho lilipotoka, mama mkwe alimweka paka sakafuni. Paka akasimama. Akanyoosha mguu wa kulia mbele, mrefu kuliko nilivyowahi kuuona, kisha wa kushoto. Akatikisa kichwa. Halafu akaruka juu ya kochi, kutoka kochi akaruka juu ya meza, kutoka meza akaruka juu ya kabati la vyombo, na huko juu akatazama sebule yote kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

"Kumbe inaruka!" akasema mama mkwe.

Mume wangu alicheka mpaka akafuta macho, akashuka kwenda kwenye gari lake. Mimi nilifika dukani nimechelewa, manyoya meupe yamejaa kwenye sketi nyeusi, na mwenye duka akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tukastarehe. Paka aliyekuwa hawezi kuruka alikuwa na adabu. Huyu mpya alipanda mapazia. Alifika kwenye rafu nilipoweka mayai. Samaki niliyetumiwa kutoka kwetu, wa kukaangwa, niliyemfunika kwa sinia na juu ya sinia nikaweka sufuria, nilimkuta kichwa tu. Jirani wa chini akapanda kunieleza kwamba paka sasa anatembea juu ya vinyago vyake vilivyopangwa, na twiga mmoja ameanguka akavunjika shingo. Nikamwambia pole. Akasema, "Pole haiungi twiga."

Kisha ikaingia ile miezi ya baridi, Juni na Julai, ukungu unakaa mteremkoni mpaka saa nne, na paka asiye na manyoya alikuwa anatetemeka. Alilala juu ya runinga. Alilala ndani ya kiatu cha mume wangu. Kwenye simu, mama mkwe aliuliza habari zake kabla ya habari zetu, nami kwa kuudhika nikasema anakufa kwa baridi, mama, na manyoya yake tuliyatupa sisi wenyewe.

Siku chache baadaye mwendesha bodaboda kutoka Manga alileta mfuko dukani kwetu. Ndani mlikuwa na ndizi, mboga za managu, na chini kabisa, ndani ya gazeti, kisweta kidogo cha sufi ya manjano, kimefumwa kwa mkono, kina mikono miwili na matundu ya vifungo. Sufi ile niliijua. Niliwahi kuiona kwenye kikapu chake nyumbani, mwaka ule tulipooana, mabunda mapya hayajafunguliwa. Niliketi nyuma ya kaunta nimekishika kile kisweta. Mteja akaja, akasubiri, nikamwomba anipe dakika.

Jioni nilimpigia simu.

"Kimefika, mama. Ni kizuri sana."

"Kimemtosha?"

"Sijamvalisha bado."

"Mvalishe. Na usikioshe na maji moto, kitajikunja. Nyinyi wa ziwani mnapenda maji moto."

Kwa hiyo sasa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, kabla sijafunga hata mkoba. Namkamata paka chini ya kitanda, naingiza mguu wa kwanza, anautoa, naingiza wa pili, anautoa ule wa kwanza, nafunga kifungo, ananiuma kidole gumba. Mume wangu hupita na chai yake akisema rangi ya manjano inampendeza. Natoka nimechelewa, nimekwaruzwa, nimejaa manyoya mapya mafupi yaliyoanza kuota na kuchoma kama sindano. Na nikirudi jioni, jirani huwa ananingoja chini ya ngazi na kisweta mkononi, cheupe kwa vumbi tupu, akinyoosha mkono kunikabidhi.